Kwenda Guovdageaidnu: mwongozo kamili wa mgeni katika nchi ya Wasami

Watalii wengi wanaofika kaskazini kabisa mwa Norwe hupita Guovdageaidnu mwezi wa Julai, wakiwa njiani kwenda Nordkapp kuiona bahari ya Aktiki. Husimama kujaza mafuta, hupiga picha kibao cha barabarani chenye majina mawili, huondoka. Halafu husimulia kwamba mji umelala, hakuna cha kuona. Kumbe wenyewe hawapo. Mwezi huo familia nyingi za wafugaji ziko pwani, mbali na nyumbani, zikikata alama kwenye masikio ya ndama wa kulungu. Ni sawasawa na kwenda gulioni siku isiyo ya gulio.

Nimeishi huku kaskazini miaka kadhaa na nimefika Guovdageaidnu katika kila msimu. Ninaandika kwa ajili ya Mswahili yeyote anayetaka kufika siku ya gulio: mwanafunzi aliyeko Ulaya, ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliohamia Norwe, au mtu wa Dar, Nairobi au Maskati anayeweka akiba ya safari moja ya maisha. Jambo ninalotaka lieleweke tangu mwanzo ni hili: unaingia nyumbani kwa watu, na ile theluji tupu unayoiona dirishani ni mahali pao pa kazi. Mipango yako yote ianzie hapo.

Kwanza: jua unakwenda wapi na kwa nani

Guovdageaidnu ni jina la Kisami, na huelezwa kuwa maana yake ni katikati ya njia. Kwa Kinorwe panaitwa Kautokeino. Ni manispaa yenye eneo kubwa kuliko zote Norwe, kilomita za mraba 9,700 hivi. Unguja na Pemba kwa pamoja zingeingia humo karibu mara nne. Wakazi hawafiki 3,000. Kutoka kijiji kimoja hadi kingine unaweza kuendesha nusu saa nzima usione taa.

Wasami ni wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Norwe, Uswidi na Ufini, pamoja na rasi ya Kola nchini Urusi. Nchi yao hiyo, iliyokatwa na mipaka minne, wao huiita Sápmi. Neno la zamani "Lapp" ni la dharau. Hata kama ulilisoma kwenye kitabu cha jiografia shuleni, liache huko huko. Tena usidhani kila Msami ni mfugaji. Wafugaji ni wachache miongoni mwao. Wengine ni wavuvi, walimu, wauguzi, mafundi. Lakini Guovdageaidnu ufugaji ndio uti wa mgongo, na lugha ya Kisami utaisikia dukani, shuleni na kwenye ofisi za manispaa.

Mnyama wenyewe anaitwa boazu: jamii ya kulungu, mwenye pembe dume kwa jike, manyoya mazito na kwato pana za kufukulia theluji. Nitamwita kulungu tu. Jike mzima ni áldu, dume ni sarvvis, ndama ni miessi, na dume aliyehasiwa ili avute mzigo ni heargi, yaani maksai. Kundi likipita karibu nawe kwenye baridi kali, sikiliza miguu. Kila hatua hutoa mlio mdogo wa kudata, tik, tik, kutoka kwenye kano za kifundo. Wakiwa mia tatu ni kama mvua inayoanza kudondoka kwenye bati.

Pili: chagua mwezi kwa kalenda ya kulungu

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuanzia Desemba hadi Aprili makundi huwa kwenye uwanda wa juu wa mkoa wa Finnmark, kuzunguka Guovdageaidnu, yakila lichen, muungano wa kuvu na mwani unaopatikana chini ya theluji. Huo ndio wakati watu wako nyumbani. Mwishoni mwa Aprili na Mei makundi huhamia pwani na visiwani; majike huzaa njiani au mara tu yakifika. Kiangazi chote ni huko pwani. Septemba na Oktoba ni kurudi, kuchagua wa kuchinja, na kutenganisha mifugo ya familia hii na ile.

Ukiniuliza mwezi mmoja tu, nitakuambia Pasaka. Tangu zamani Pasaka ndiyo siku za familia kukutana kabla ya kuhama, kwa hiyo harusi na kipaimara hufanywa wakati huo. Mji mzima huvaa. Kuna mashindano ya mbio za kulungu, ambapo mtu husimama juu ya skii, mbao za kutelezea kwenye theluji, akivutwa na mnyama. Kuna mashindano ya kuvua samaki kwenye tundu la barafu. Kuna Sámi Grand Prix, mashindano ya nyimbo yaliyoanza 1990. Na kuna tamasha la filamu ambalo huonyesha picha kwenye ukuta uliojengwa kwa theluji, watazamaji wakiwa nje juu ya pikipiki za theluji. Mchana ni mrefu tayari na jua linapiga kwenye weupe hadi macho yanauma. Pasaka ya 2027 ni 28 Machi, ya 2028 ni 16 Aprili. Tofauti ya wiki tatu huku ni tofauti kubwa ya baridi, basi angalia tarehe kabla ya kukata tiketi. Vyumba ni vichache mno. Weka nafasi mapema kadiri uwezavyo, hata mwaka mzima kabla.

Chaguo la pili ni tarehe 6 Februari, siku ya taifa ya Wasami. Inakumbuka mkutano wa kwanza wa Wasami wa nchi mbalimbali, uliofanyika Trondheim mwaka 1917, na ilianza kuadhimishwa 1993. Ni sherehe ya wenyeji wenyewe: shule, kanisa, chakula, bendera. Watalii ni wachache na ubaridi ni mkali.

Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Si giza tupu. Adhuhuri kuna saa chache za mwanga wa buluu unaofanana na ule wa baada ya magharibi. Taa za kaskazini, zile pazia za kijani angani, huonekana kuanzia Septemba hadi Machi usiku usio na mawingu, na kwa kuwa Guovdageaidnu iko bara, mbali na mvua za pwani, anga yake huwa safi mara nyingi. Wenyeji watakuonya usipige mluzi taa zikiwa juu. Ni mwiko wa zamani, na kuuheshimu hakugharimu kitu.

Kwa Muislamu anayejiuliza kuhusu sala mahali pasipo na mawio wala machweo: Tromsø, mji mkubwa wa karibu, wapo Waislamu wanaofuata saa za Makka nyakati hizo. Amua mapema na shehe wako utafuata rai ipi, hasa kama safari imeangukia Ramadhani.

Tatu: soma historia hii kabla hujafungua mdomo

Hutaulizwa, lakini itakuwa nyuma ya kila mazungumzo.

Mwaka 1852 mpaka na Ufini, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Urusi, ulifungwa kwa wafugaji. Malisho ya majira ya baridi yakakatika. Mwaka huo huo, tarehe 8 Novemba, kikundi cha Wasami wa Guovdageaidnu waliochoshwa na ulevi uliokuwa ukiletwa na biashara ya pombe, na wenye hamasa kali ya dini, waliwaua mfanyabiashara na afisa wa serikali na kumchapa viboko kasisi. Viongozi wawili, Aslak Hætta na Mons Somby, walikatwa vichwa katika mji wa Alta tarehe 14 Oktoba 1854. Vichwa vyao vilipelekwa kwenye mkusanyiko wa mifupa wa chuo kikuu huko mji mkuu. Vilirudishwa na kuzikwa 1997. Kwa sisi tuliokulia kwenye nchi ambazo mafuvu ya mababu bado yanadaiwa kutoka makumbusho ya Ulaya, habari hii haihitaji maelezo. Ndugu yake Aslak, kijana Lars Hætta, alinusurika adhabu ya kifo kwa sababu ya umri, na alipokuwa gerezani alianza kutafsiri Biblia kwa Kisami cha Kaskazini.

Kisha yakaja miaka mia moja ya kuwafanya Wasami wawe Wanorwe. Watoto walipelekwa shule za bweni ambako lugha yao ilikatazwa; sheria ya ardhi ya 1902 ilitaka mnunuzi wa ardhi Finnmark awe anajua Kinorwe. Anayekumbuka kile kibao au kifupa alichovalishwa shingoni kwa kuongea lugha ya mama shuleni ataelewa kwa nini baadhi ya wazee hapa wanakijua Kisami lakini hawakuwafundisha watoto wao. Tume ya ukweli na maridhiano iliyoundwa na Bunge la Norwe ilitoa ripoti yake tarehe 1 Juni 2023.

Jambo la tatu ni mto. Mpango wa bwawa la umeme kwenye mto Alta ungezamisha kijiji chote cha Máze, kilichomo ndani ya manispaa hii. Kijiji kiliokolewa, bwawa dogo zaidi likabaki kwenye mpango. Mwaka 1979 vijana wa Kisami walipiga hema mbele ya Bunge Oslo na kukaa bila kula. Januari 1981 mamia ya polisi waliwaondoa waandamanaji waliojifunga minyororo kwenye baridi. Bwawa lilijengwa, likakamilika 1987. Lakini vurugu ile ndiyo iliyozaa sheria ya Wasami ya 1987 na Bunge la Wasami lililofunguliwa 1989 katika manispaa jirani ya Kárášjohka. Rais wake wa kwanza, Ole Henrik Magga, ni mtoto wa Guovdageaidnu. Baadaye akawa mwenyekiti wa kwanza wa jukwaa la kudumu la Umoja wa Mataifa la watu wa asili. Ukipita Máze kwenye barabara kuu, teremka hadi kijijini, tazama kanisa na nyumba zilizo kando ya mto. Hapo ulipokanyaga pangekuwa chini ya maji.

Nne: viza na njia

Norwe imo kwenye Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye kibali cha kuishi katika nchi yoyote ya Schengen hahitaji viza kwa siku zisizozidi 90. Kibali cha Uingereza hakihesabiki. Kutoka Afrika Mashariki au Ghuba, fomu hujazwa kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji ya Norwe, UDI. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Mimi ningeomba miezi mitatu kabla. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Barua ya mwaliko ikiwepo, itaje Guovdageaidnu kwa jina na tarehe, na nafasi ya hoteli ilingane nayo. Msafiri anayesema anakwenda kuona mbio za kulungu wakati wa Pasaka, na karatasi zake zinasema hivyo hivyo, anaeleweka kuliko anayesema "utalii".

Ndege hutua Oslo, na kutoka hapo ni kama saa mbili hadi Alta. Alta hadi Guovdageaidnu ni kilomita 130 hivi kwa barabara namba 93. Mabasi yapo lakini si ya kila saa wala kila siku. Tazama ratiba kabla ya kununua tiketi ya ndege, maana kukosa basi Ijumaa jioni kunaweza kukulaza Alta siku mbili.

Kama utakodi gari wakati wa baridi, hakikisha lina matairi ya misumari na waya wa kupasha injini joto usiku. Jaza tangi Alta. Barabara inapanda kutoka bondeni, miti inafupika hadi inaisha, na upepo unaweza kuifunga njia kwa theluji. Ukiona kulungu mmoja anavuka, simama; wenzake wako nyuma yake, na hawana haraka. Usipige honi mfululizo. Ukimgonga, huruhusiwi kuondoka kimya kimya: simama mahali salama, piga polisi namba 02800, weka alama mahali ilipotokea. Yule ni mali ya mtu mwenye jina, na alama yake iko masikioni. Kwa dharura ya afya namba ni 113, polisi 112, moto 110.

Tano: vaa ili uishi

Januari, nyuzi 30 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na kushuka chini ya 40 hutokea. Rekodi ya Norwe, nyuzi 51.4 chini ya sifuri, ilipimwa hapo jirani Kárášjohka tarehe 1 Januari 1886.

Acha pamba. Fulana ya pamba ikilowa jasho inakuwa barafu mwilini. Vaa sufu ya merino ngozini, sufu nene juu yake, halafu nguo ya nje isiyopitisha upepo. Viatu viwe vikubwa kwa saizi moja ili hewa ibaki ndani. Soksi tatu zilizobana zinaleta baridi kuliko moja iliyolegea. Mikono ivae glavu za vidole ndani na za kifuko nje. Simu iwe kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani betri huzimika ghafla kwenye baridi. Hereni na pete za chuma vua. Mwangalie mwenzako usoni kila dakika kumi: ukiona doa jeupe puani au shavuni, na kwenye ngozi yetu nyeusi hilo huonekana kama kijivu kilichofifia, mfunike kwa kiganja chenye joto na mwingie ndani. Usisugue theluji.

Wenyeji walishatatua tatizo hili zamani. Niliwahi kumtazama mama mmoja akijiandaa kutoka. Viatu vyake, nuvttohat, vilishonwa kwa ngozi ya miguu ya kulungu, manyoya nje, ncha ya mbele imejikunja juu ili ishike mkanda wa skii. Hakuvaa soksi. Alichukua shada la nyasi kavu, akalichambua kwa vidole hadi likawa laini kama pamba ya godoro, akalizungusha ndani ya kiatu likiwa na umbo la kiota, akaingiza mguu. Kisha akafunga kifundo kwa utepe wa kufuma, mzunguko baada ya mzunguko, hadi theluji isiwe na pa kuingilia. Jioni nyasi hutolewa, hukaushwa, hurudishwa asubuhi.

Sita: piga hodi kwa lugha yao

Mswahili ana bahati ambayo Mnorwe hana. Kisami cha Kaskazini kina herufi za ajabu machoni, lakini sauti zake nyingi tunazo tayari. Đ ni dh ya dhahabu. Ŧ ni th ya thamani. Ŋ ni ng' ya ng'ombe. Š ni sh, č ni ch. Kazi iliyobaki ni mkazo tu: sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wao huuweka mwanzoni. Na kama sisi, hawatofautishi mwanamume na mwanamke kwenye nafsi ya tatu: son ni yeye, basi. Wana na kitu ambacho sisi hatuna: moai, yaani "sisi wawili", tofauti na mii, "sisi" wa watatu na kuendelea.

Ukiingia, sema "buorre beaivi", siku njema. Jibu lake ni "Ipmel atti", Mungu ajalie. Ukilijibu hivyo wewe mwenyewe, utaona uso wa mwenyeji ukifunguka. Kati ya watu wa rika moja "bures" inatosha. Asante ni "giitu", asante sana "ollu giitu". Watu huitana kwa majina yao ya kwanza, hata mkubwa kwa mdogo, kwa hiyo usihangaike kutafuta neno la "shikamoo". Heshima huonyeshwa kwa kutokuwa na haraka. Kimya cha dakika nzima katikati ya mazungumzo si ugomvi, usikijaze.

Sasa mambo ambayo hayafanywi.

Usimuulize mfugaji ana kulungu wangapi. Niliuliza swali hilo safari ya kwanza, kwa nia njema kabisa. Mzee yule alinitazama, akanimiminia kahawa, akaanza kuzungumzia theluji. Ni kumuuliza mtu ana shilingi ngapi benki, na mimi niliyekulia karibu na wafugaji wa ng'ombe nilipaswa kujua. Muulize badala yake hali ya malisho. Neno ni guohtun, na halina tafsiri ya neno moja: ni kama theluji inamruhusu mnyama kufukua na kulifikia lishe lake. Kukiwa na baridi ya kawaida, theluji ya chini huwa chembechembe kama chumvi ya mawe, kwato zinapita. Mvua ikinyesha katikati ya baridi, jambo ambalo kadiri hali ya hewa inavyobadilika linaleta hofu kubwa, maji huganda juu ya ardhi na kuwa tabaka la barafu. Mnyama ananusa chakula chini yake na hawezi kukifikia. Ukiuliza guohtun ikoje mwaka huu, umeuliza habari ya nyumbani.

Usimpige picha mtu aliyevaa gákti, vazi la asili la Wasami, bila ruhusa, na usijaribu kuivaa. Gákti si vazi la maonyesho. Rangi, mikanda na mishono yake husema mtu ametoka wapi na ni wa ukoo gani. Hapa Guovdageaidnu utaona buluu iliyojaa tepe nyekundu zilizopangwa, shali za hariri na bizimu kubwa za fedha kifuani. Hata mkanda una habari: vifungo vya mraba kwa aliyeoa au kuolewa, vya mviringo kwa ambaye bado.

Kuhusu joik, uimbaji wao wa kale, ambao huku unaitwa luohti: haiimbwi kuhusu mtu. Inamwimba mtu mwenyewe. Mtoto hupewa ya kwake, rafiki humtungia rafiki, na baada ya hapo ni mali ya aliyeimbwa, si ya aliyeitunga. Kwa karne kadhaa makasisi waliipiga marufuku kama uchawi, pamoja na ngoma za waganga wao, ambazo nyingi zilichomwa au kuchukuliwa. Basi usiombe mtu akuimbie mezani kama redio. Subiri, jioni ikikolea itatoka yenyewe.

Ukialikwa kwenye lávvu, hema la nguzo lenye moto katikati, kaa pembeni mwa moto uonyeshwapo, juu ya ngozi. Sehemu iliyo nyuma ya moto mkabala na mlango inaitwa boaššu. Ni jiko na zamani ilikuwa takatifu. Usikatize hapo.

Saba: kula

Kahawa huchemshwa kwenye birika jeusi kwa masizi, na ndani ya kikombe hutumbukizwa vipande vya nyama kavu au jibini. Kunywa, kisha kula vilivyolainika chini. Ni chakula na kinywaji kwa pamoja, na kwa mtu aliyetoka nje kwenye baridi hakuna kinachozidi.

Chakula cha sherehe ni bidus: nyama ya kulungu, viazi na karoti, vimechemshwa taratibu, viungo vichache. Mkono uliozoea pilau utatafuta bizari; vumilia, nyama yenyewe ina ladha. Harusini hutolewa kwa mamia ya watu. Utakutana pia na uboho uliochemshwa ndani ya mfupa, na mkate laini wa gáhkku. Wenye kula halali wajue kwamba nyama hii kwa kawaida haichinjwi kwa taratibu za Kiislamu, na baadhi ya vyakula vina damu. Uliza, hakuna atakayechukia; samaki wa maziwa ya huku ni watamu na wapo wengi.

Nane: mahali pa kwenda

Anzia makumbusho ya kijiji, ili ujue unachokitazama baadaye. Kisha nenda Čoarvemátta, jengo lililofunguliwa 2024 ambamo jumba la taifa la maigizo la Wasami, Beaivváš, lililoanzishwa 1981, linaishi pamoja na shule ya sekondari ya Kisami na ya ufugaji wa kulungu. Maigizo ni kwa Kisami. Nunua tiketi hata hivyo. Diehtosiida ni makao ya chuo kikuu kishiriki cha Wasami, kilichoanza 1989, ambako watu husoma shahada kwa lugha hii. Kwa mtu anayeambiwa kila siku kwamba Kiswahili hakifai kwa sayansi, kukaa saa moja kwenye maktaba ile ni dawa. Kanisa jekundu juu ya kilima ni la 1958. Lile la 1701 liliteketea 1944, majeshi ya Ujerumani yalipochoma karibu Finnmark yote yakirudi nyuma. Karakana ya fedha ya Juhls, iliyoanza 1959, ina paa zinazojipinda kama theluji iliyosukumwa na upepo.

Ukitaka kuona kulungu, lipia kwa familia ya wafugaji inayopokea wageni. Usiende kuwatafuta mwenyewe kwa gari au droni. Kundi likishtuka wakati wa baridi linakimbia, na nguvu linayopoteza ni ya kulinda mimba hadi Mei. Kuanzia Aprili, majike yakikaribia kuzaa, kaa mbali kabisa. Mbwa awe kwenye kamba. Kutembea porini kwa miguu au skii ni haki ya kila mtu Norwe, na hema unaweza kupiga ukiwa mita 150 au zaidi kutoka kwenye nyumba. Pikipiki ya theluji ni jambo lingine: lazima uwe na leseni na upite kwenye njia zilizowekewa alama tu. Ukikuta jiwe la umbo la pekee lililosimama peke yake, linaweza kuwa sieidi, mahali pa matambiko. Usiguse, usichukue kilichowekwa, usiache sarafu.

Tisa: kununua na kuaga

Kazi za mikono huitwa duodji. Tafuta alama ya "Sámi Duodji", inayothibitisha kwamba kitu kimetengenezwa na fundi Msami. Kikombe cha mbao, guksi, huchongwa kutokana na uvimbe wa mti na hukaushwa kwa muda mrefu ili kisipasuke. Ndiyo maana bei yake inashtua. Cha kiwandani kwenye duka la uwanja wa ndege kinafanana nacho kwa picha tu. Afadhali kununua kitu kimoja kidogo kwa aliyekitengeneza kuliko vitano vya kuiga.

Kisu chenye mpini wa pembe weka kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Nyama kavu imalize kabla hujaondoka Ulaya, kwani forodha nyingi haziruhusu nyama ya msafiri.

Siku ya kuondoka, usitoke kimya kimya. Anayeondoka humwambia anayebaki "báze dearvan", baki salama. Anayebaki hujibu "mana dearvan", nenda salama. Ukisema la kwanza wewe kabla hajakuwahi, na mkazo ukauweka mwanzoni mwa neno, kuna uwezekano mkubwa utaulizwa utarudi lini.